Barua ya wazi: Tupimeni kwa lugha tunayolelea nayo watoto

Kwa:
Mkuu wa Chuo na wakuu wa idara ya malezi na makuzi ya watoto;
Wote mnaotunga mitaala na kusimamia mitihani ya walezi wa watoto wadogo;
Viongozi wa wizara zinazoshughulikia watoto na elimu.

YAH: LUGHA YA KUFUNDISHIA NA KUTAHINI WALEZI WA WATOTO WADOGO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Kigoma. Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hapa Kigoma Ujiji, na ni mwanachuo wa kozi ya cheti cha malezi na makuzi ya awali ya mtoto, ile inayosomwa wikiendi na wakati wa likizo. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu walioniruhusu. Baadhi yao wamemaliza, baadhi bado wanasoma, na wengine wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli, na wamerudi vituoni kufanya kazi ileile bila cheti. Chuo sikitaji. Wahusika watajijua, na wakufunzi wetu wengi ni watu wema ambao nao wamebanwa na utaratibu huuhuu.

Kabla ya kufika hadharani tulipita njia za ndani. Tulizungumza na mkufunzi wa darasa, akatuelewa, akatupeleka idarani. Idara ikasema mtaala haukutungwa pale. Tukaandika barua kwa wanaohusika juu, kwa Kiswahili, tukaambatanisha majina na saini zetu. Tulingoja sana. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi na la Kiingereza: suala la lugha lirudishwe chuoni. Tukarudi chuoni, chuo kikatuonyesha tena juu. Mtu akizungushwa hivyo, mwisho husimama katikati ya uwanja akasema mbele ya watu.

Hoja yetu ni moja. Cheti cha mlezi kinapaswa kupima kama mtu anaweza kulea mtoto. Kilivyo sasa kinapima kama anaweza kuandika insha ya Kiingereza. Yafuatayo ndiyo tunayolalamikia.

1. Kazi yenyewe inafanyika kwa Kiswahili na Kiha

Kituo chetu kinafunguliwa kabla ya jua kutoka, kwa sababu akina mama wanaokwenda Kibirizi na Katonga kuchukua dagaa hawasubiri saa mbili. Mtoto analetwa akiwa bado na usingizi. Wa Ujiji anakuja na Kiswahili chake, cha mji uliokuwa ukizungumza lugha hii tangu enzi za misafara, kabla reli ya kati haijafika Kigoma mwaka 1914. Mwingine, ambaye wazazi wake wamehamia mjini juzi kutoka Kalinzi, anakuja na Kiha kitupu. Wapo pia wenye bibi wanaozungumza Kirundi.

Ujuzi wa mlezi ni kumwelewa mtoto huyo wa miaka miwili anaposema tumbo linauma, au anaposema kuna mtu nyumbani anamuumiza, na kumjibu kwa maneno yatakayomtuliza. Ni kumweleza mama jioni kwamba mtoto hakumaliza uji, ameharisha, asilale bila kupelekwa zahanati. Ni kujaza daftari la kituo, kuzungumza na afisa ustawi wa jamii anapokuja kukagua, kusoma kadi ya kliniki ambayo nayo ni ya Kiswahili. Katika kazi yangu sijakutana na jambo linalodai Kiingereza, ukiacha maandishi ya kwenye makopo ya maziwa.

Huko Uingereza kwenyewe, kanuni za malezi ya awali zinamtaka mwenye kituo ahakikishe wafanyakazi wake wanakijua Kiingereza kiasi cha kulinda ustawi wa watoto: waweze kutunza kumbukumbu, kuita msaada wa dharura, kuelewa maelekezo ya dawa na ya usafi wa chakula. Ni kanuni nzuri. Ileteni Kigoma kwa akili ileile iliyoitunga, na lugha itakayotajwa humo ni Kiswahili.

2. Tunafundishwa kwa lugha moja, tunatahiniwa kwa nyingine

Hili kila mtu analijua na hakuna anayelisema kwa sauti. Mkufunzi anaingia, anaandika kichwa cha somo ubaoni kwa Kiingereza, anasoma aya moja ya desa, yaani kijitabu cha maelezo ya somo, halafu analifunga na kusema, "Sasa jamani, maana yake ni hii." Hapo ndipo somo linapoanza. Tunajifunza hatua za ukuaji, michezo, lishe, jinsi ya kumzoesha mtoto anayelia mama yake akiondoka. Tunauliza, tunabishana, tunatoa mifano ya watoto wa vituoni kwetu. Akija mkaguzi, mkufunzi anarudi kwenye Kiingereza na darasa zima linanyamaza. Mkaguzi anaandika kwamba wanafunzi hawashiriki.

Muhula ukiisha, karatasi ya mtihani haina hata neno moja la lugha tuliyoelewa nayo. Tunachofanya ni kukariri. Tunakariri aya za desa pamoja na mahali koma zilipokaa. Mwenzangu mmoja aliulizwa hatari zinazomkabili mtoto jikoni, akajaza kurasa kwa aya aliyoikariri kuhusu hatari za barabarani, kwa kuwa neno alilolitambua kwenye swali lilikuwa lile la hatari. Alipata sifuri, na kwa alichoandika ilistahili. Lakini kituoni kwake huyohuyo ndiye aliyelihamisha jiko la mkaa kutoka kwenye njia ya watoto kabla hatujafundishwa chochote kuhusu jambo hilo.

3. Ripoti za fildi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo uharibifu ulipo mkubwa na ndipo wakubwa wengi hamjapatazama.

Katika fildi, yaani mafunzo kwa vitendo vituoni, tunatakiwa kumwangalia mtoto mmoja kwa muda, kuandika anachofanya na anachosema, kisha kueleza amefikia wapi katika ukuaji wake. Ni zoezi bora kuliko yote katika kozi nzima. Lililonifundisha kunyamaza na kuangalia ni hili, na bado ninalifanya hata pasipo na alama. Tatizo ni kwamba ripoti lazima iandikwe kwa Kiingereza.

Mtoto wa miaka mitatu aliniambia wakati wa chakula, "Baba akirudi ziwani nitamwambia umeninyima mgebuka." Mlezi anayejua kazi anaona mengi humo. Mtoto anajua kupanga jambo litakalofuata baada ya jingine. Anaandaa maneno ya kumwambia mtu ambaye hayupo. Ana hasira, na ameimudu kwa kusema badala ya kutupa sahani. Nilipoihamisha sentensi hiyo kwenye Kiingereza changu, yalitoka maneno manne matano yasiyoshikana. Msimamizi aliyeisoma akaandika pembeni kwamba mtoto anaonekana amechelewa katika lugha. Aliyechelewa katika lugha ni mimi, tena lugha ambayo mtoto huyo haijui kabisa. Ingekuwa kumbukumbu ya kweli ya kituo, mtoto mzima angeanza kutafutiwa ugonjwa.

Na pale palipo na ugumu wa namna hii, biashara huota. Ziko stesheneri zinazoandika ripoti za fildi. Unapeleka jina la mtoto, umri wake na jina la kituo, kesho yake unachukua ripoti safi iliyochapwa na kufungwa vizuri. Bei siitaji, nisije nikaonekana natangaza. Aliyeiandika hajamwona mtoto huyo wala hajafika kituoni, na mara nyingine ripoti moja huzungushwa kwa wanachuo kadhaa kwa kubadilishwa majina tu. Waheshimiwa, ripoti hizo ziko kwenye makabati yenu na zimepewa alama nzuri. Mkitaka kujua zipi ni za kweli, tafuteni zile zenye Kiingereza kilichovunjika.

Mwenye fedha ananunua ripoti na kufaulu. Asiye nazo anaandika mwenyewe, anaandika kweli, anakatwa alama. Sijui ni mzazi gani angependa mtoto wake alelewe na aliyechaguliwa kwa utaratibu huo.

4. Wanaojua ndio wanaoanguka

Mtoto anaharisha na kutapika. Mlezi yeyote wa kituoni kwetu anajua kumtazama macho kama yameingia ndani, kufinya ngozi ya tumbo kuona kama inachelewa kurudi, na kumpa maji yenye chumvichumvi za pakiti kidogokidogo. Pakiti ikikosekana, anajua kuchanganya lita 1 ya maji salama na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Na anajua kwamba mtoto akilegea au akishindwa kunywa, hapo hakuna cha kungoja. Mkoa huu unakikumbuka kipindupindu cha mwaka 2015, kilicholipuka Kagunga wakati wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakimiminika. Hatuhitaji mhadhara wa kutushawishi kwamba kuharisha kunaua.

Vivyo hivyo utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 umeangukia kwenye nyekundu, na huo ni utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano, umwite mama mzungumze. Vivyo hivyo mtoto mchanga aliyepaliwa: unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kidogo, unampiga kwa kiganja mapigo 5 kati ya mabega. Mambo haya tunayafanya mbele ya wasimamizi wa vitendo na tunapewa alama za juu. Yakija kwenye karatasi, tunapata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Mtu ni mmoja na ujuzi ni uleule. Kilichobadilika katikati ni lugha.

5. Gharama inamwangukia nani

Sapu inalipiwa. Mshahara wa mlezi hapa unatoka kwenye ada za wazazi, na ada za wazazi zinatoka ziwani. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, wazazi wengi walisimamisha ada kituoni, nasi tukasimamisha zetu chuoni. (Sina ugomvi na kufungwa kwa ziwa. Samaki nao wanahitaji kuzaa.) Mwanamke mwenye watoto wake mwenyewe hawezi kuulipia mtihani uleule kila mara. Anaacha. Afisa ustawi anapokuja na fomu yake kuuliza vyeti vya walezi, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo viwe na leseni, mwenye kituo anajikuta anamwonyesha kijana aliyeajiriwa kwa ajili ya cheti, wakati anayewalisha, kuwaogesha na kuwalaza watoto ni yule mama aliyedisko.

6. Mnajipinga wenyewe

Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, ili watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 8 wafikiwe na nguzo zote tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ni programu nzuri, na imetufikia kwa Kiswahili. Haiwezekani mwongozo wa taifa uzungumze na mlezi kwa lugha anayoielewa, halafu chuo kinachomwandaa mlezi huyohuyo kimwambie lugha hiyo haifai kueleza mambo hayo.

Sasa niyaguse majibu ambayo tumeyasikia, na mengine ambayo natarajia yatafuata.

Mtasema Kiingereza ni lugha ya dunia na mnatutakia mema. Tunaamini mnatutakia mema. Nasi tunakitaka Kiingereza. Lakini hadi leo hatufundishwi Kiingereza. Tunafundishwa malezi kwa Kiingereza, na tunatoka bila hiki wala kile. Kiwekeni kama somo, na mwalimu wake, na vipindi vyake, na mtihani wake. Anayetaka kuendelea hadi stashahada na shahada atajua anahitaji kuongeza nguvu hapo. Msikifanye mlango ambao lazima upite ndipo uruhusiwe kumbadilisha mtoto nepi.

Mtasema vitabu vya fani hii viko kwa Kiingereza. Walimu wa shule za msingi wa ngazi ya cheti walifundishwa ualimu kwa Kiswahili kwa miongo mingi, saikolojia ya mtoto ikiwemo, na ndio waliotufundisha sisi sote kusoma, pengine na baadhi yenu. Kama Kiswahili kilitosha kumwandaa mwalimu wa darasa la kwanza, kinakosa nini kumwandaa mlezi wa mtoto ambaye bado hajafika darasa la kwanza? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Leo hakimu anaweza kuandika hukumu ya kumpeleka mtu jela kwa Kiswahili, na mlezi haruhusiwi kuandika kwa Kiswahili jinsi ya kumwokoa mtoto aliyepaliwa na punje ya mhindi. Nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ziliikubali lugha hii kuwa mojawapo ya lugha zao rasmi mwaka 2019. UNESCO iliitangazia siku yake, Julai 7, na siku hiyo hata chuoni kwetu ukumbi hupambwa, ngonjera zikasomwa na wageni rasmi wakapigiwa makofi. Maadhimisho yakiisha tunarudi chumba cha mtihani.

Mtasema tulisoma sekondari kwa Kiingereza, hivyo hatuna kisingizio. Wengi wetu tulitoka shule ya msingi tuliyosoma kwa Kiswahili miaka 7, tukaingia sekondari za kata vijijini ambako Kiingereza kilikuwa ubaoni tu na maelezo yakawa kama hayahaya niliyoyataja. Kutudai leo kile ambacho hatukupewa jana ni kutuadhibu kwa upungufu wa shule. Na wapo walezi wazuri sana ambao hawakufika kidato cha nne kabisa. Hao hata kwenye barua hii wamekuja kwa mdomo, wakinisimulia niandike.

Mtasema wazazi siku hizi wanataka vituo vya "intaneshono". Wapo, na ni haki yao. Kituo kinachouza Kiingereza kiajiri walezi wenye Kiingereza na kiwapime chenyewe. Mama wa Kibirizi anayelipia mtoto wake kwa fedha ya dagaa hakuomba hilo.

Jibu ninalolitarajia kuliko yote ni kwamba ubora utashuka na cheti chetu hakitaheshimika nje. Hapa naomba mtazame Marekani, ambako Kiingereza ni chao na wala hawakukiazima. Kuna cheti cha walezi wa watoto wadogo kiitwacho CDA, kinachotolewa na Council for Professional Recognition. Anayekitaka anatakiwa awe na saa 120 za mafunzo na saa 480 za kazi na watoto, aandae jalada la kazi zake, wazazi wa watoto anaowalea waulizwe maoni yao, aje mtaalamu amwangalie akiwa kazini na watoto, kisha afanye mtihani. Ni vipimo vigumu. Lakini mlezi mwenye Kihispania anaruhusiwa kufanya hayo kwa Kihispania, mtihani ukiwemo. Wamarekani hawakuona kwamba cheti chao kimeshuka hadhi kwa mlezi kukipata kwa lugha anayozungumza na watoto. Sisi ambao Kiingereza si cha mama wala cha bibi ndio tunaokilinda kwa ukali kuliko wenyewe. Sisemi tuige kila kitu cha Marekani. Nasema tu kwamba kisingizio cha ubora kinaishia hapo.

Baada ya hayo, tunaomba yafuatayo:

(a) Mwanachuo wa kozi ya cheti cha malezi aruhusiwe kuchagua kujibu mtihani kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na karatasi ya maswali iwe na lugha zote mbili, swali kwa swali.

(b) Ripoti ya fildi iandikwe kwa Kiswahili, na maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, yawe ya Kiswahili, Kiha au lugha nyingine ya nyumbani kwao. Msimamizi amuulize mwanachuo ana kwa ana kuhusu mtoto aliyemwandika. Hilo peke yake litaua biashara ya stesheneri bila kumfukuza mtu.

(c) Alama za vitendo zipewe uzito unaolingana na kazi yenyewe. Aliyefaulu vitendo kwa alama za juu na kuanguka maandishi aruhusiwe kurudia kwa kuulizwa kwa mdomo.

(d) Waliodisko kwa sababu ya karatasi za maandishi wakati vitendo wamefaulu waitwe, majalada yao yafunguliwe upya, na wapimwe tena bila kulipishwa.

(e) Wakufunzi waruhusiwe rasmi kufundisha kwa Kiswahili, yaani kufanya kwa uwazi wanachokifanya sasa kwa kujificha, na madesa yaandikwe kwa lugha hiyo. Walezi wenye uzoefu wa vituoni washirikishwe kuyaandika. Tuko tayari kukaa nayo jioni, hata kama posho haipo.

(f) Kiingereza kifundishwe kama somo, na kifundishwe vizuri.

Haya yote si ya siku moja, tunajua. La (b) halihitaji fedha wala kikao cha bodi; linaweza kuanza na fildi inayokuja. La (a) tunaomba lipewe tarehe. Hatuombi kupunguziwa maswali wala kuongezewa alama, na yeyote atakayeanguka akiwa ameulizwa kwa lugha anayoielewa, huyo arudi akasome.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya usajili wa muhula ujao, kwa Kiswahili, likitaja ni ofisi gani hasa yenye mamlaka juu ya jambo hili, ili tusirudishwe tena kuzunguka. Tukihitajika kwenye kikao tutakuja. Kikiwekwa siku ya kazi, tunaomba kianze baada ya saa kumi na moja jioni, watoto wakishachukuliwa na wazazi wao.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mlezi na mwanachuo,
kwa niaba ya walezi wanachuo wa Kigoma Ujiji

Nakala:
Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri za mkoa wa Kigoma
Waheshimiwa wabunge wa mkoa wa Kigoma
Wamiliki wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana